Anza na kioo: jinsi ninavyochagua kompyuta na vifaa vya kuhariria picha

Mama wa bibi harusi alifunua kurasa tatu za albamu, akaifunga taratibu, akaniangalia. "Mwanangu," akasema, "huyu ni binti yangu au karoti?"

Sikuwa na jibu. Picha zile nilizihariri usiku kucha nyumbani Mbagala, na kwenye laptopu yangu ngozi ya binti ilikuwa nzuri ajabu, kahawia iliyoiva. Zilipotoka kusafishwa zikawa rangi ya chungwa. Wiki nzima niliilaumu mashine ya kusafishia, mpaka fundi mmoja alipoweka laptopu yangu kando ya ya kwake, tukafungua picha ileile. Kioo changu kilikuwa kinavuta kwenye buluu. Kwa kuwa kila kitu nilikiona kimepoa, nikawa naongeza joto, naongeza tena, kumbe joto lilikuwepo tangu mwanzo. Albamu nikairudia kwa pesa yangu mwenyewe.

Ndiyo maana mtu akiniuliza, "Dada, ninunue mashine gani ya kuediti?", akitegemea nimtajie prosesa (ubongo wa mashine) ya i7, au Mac, mimi humuuliza kwanza atatazama picha kwenye kioo gani.

Laptopu nyingi za ofisini zinazoingia mtumba, zile Latitude, EliteBook na ThinkPad unazoziona zimepangwa Kariakoo, ni mashine ngumu na nzuri, ila vioo vyake vingi vilitengenezwa kwa ajili ya barua pepe na mahesabu. Ukisoma maelezo ya kioo utakuta "45% NTSC". Kwa lugha yetu, hicho kinaonyesha chini kidogo ya theluthi mbili za rangi za sRGB, na sRGB ndiyo seti ya rangi ambayo wasafishaji wengi hutaka uwaletee. Kitenge chekundu na cha damu ya mzee vinakaribia kufanana humo. Unachotafuta wewe ni kioo cha aina ya IPS kinachofika sRGB asilimia 95 na kuendelea. Cha TN, aina nyingine ya kioo, kiache hata kama kinauzwa bei ya karanga, kwa sababu ukiinua kichwa kidogo tu rangi zinageuka.

Muuzaji hatakuwa na karatasi ya maelezo, kwa hiyo nenda dukani na flashi yenye picha tatu. Ya kwanza, bwana harusi mweusi aliyevaa suti nyeusi. Tazama ukosi wa koti. Kama umemezwa, na kifua kizima kimekuwa doa moja, kioo hicho kitakuficha vivuli na wewe utakuwa unavipandisha bure mpaka suti iwe kijivu. Ya pili, shela jeupe juani: lesi ionekane uzi kwa uzi. Ya tatu, mstari unaotoka nyeusi kwenda nyeupe kupitia kijivu, ambao unaweza kuutengeneza mwenyewe Photoshop. Kijivu kiwe kijivu, kisiwe na waridi huku na kijani kule. Halafu simama, chuchumaa, sogea kushoto na kulia huku unatazama. Watakucheka kidogo. Wacheke, pesa ni yako.

Njia niliyoifuata mimi, na bado naiona ndiyo nafuu, ni kununua laptopu ya kawaida kisha kioo kizuri cha mezani pembeni. Ninatumia Dell UltraSharp U2412M ya mtumba: inchi 24, IPS, 1920 kwa 1200. Ni ya zamani, ilitoka 2011, lakini rangi zake ziko karibu kabisa na sRGB, na ule urefu wa 1200 unakupa nafasi ya kuona picha ya wima vizuri. Ndugu yake wa baadaye, U2415, anafika asilimia 99. Angalizo moja: U2412M haina tundu la HDMI. Ina VGA, DVI na DisplayPort basi. Mimi nilifika nayo nyumbani saa mbili usiku na kebo yangu ya HDMI shingoni kama mkufu, nikaizunguka ile kitu mara tatu nikitafuta pa kuchomeka. Kesho yake nikarudi mjini kununua kebo ya HDMI kwenda DVI.

Hata kioo kizuri huhama rangi kadiri kinavyozeeka. Kuna vifaa vya kukipima na kukirekebisha, kama Spyder ya Datacolor au vile vya Calibrite. Unakining'iniza mbele ya kioo, programu inapitisha rangi moja baada ya nyingine, kisha inatengeneza faili la marekebisho. Ni ghali kwa mtu mmoja. Sisi tulichanga wapiga picha wanne tukanunua kimoja, kinazunguka kila mwezi kama mchezo wa kupeana, na hadi leo hakijagombanisha mtu. Kama huna, walau rekebisha mwanga. Fungua ukurasa mweupe, weka karatasi nyeupe pembeni ya kioo chini ya taa unayofanyia kazi, kisha punguza mwanga wa kioo mpaka vyeupe viwili vikaribiane. Wengi tunahariri kioo kikiwa kimewashwa mpaka mwisho, halafu tunashangaa picha zinasafishwa giza.

Sasa tuje kwenye mashine yenyewe.

"Dada yangu, chukua hii! i7 hii, inaruka." Ndivyo kijana alivyoniambia. Nikaomba aiwashe, nikafungua maelezo ya mfumo: i7-4600U. Soma hapo baada ya kistari. Namba 4 ni kizazi cha nne, na hiyo prosesa ina koo (core) mbili tu, yaani sehemu mbili za kufanyia kazi. Pembeni yake palikuwa na nyingine ambayo hata haikupangwa mbele, i5-8350U, kizazi cha nane, koo nne. Ile i5 inaikimbia i7 hiyo bila kutoa jasho, na ilikuwa inauzwa karibu bei ileile kwa sababu watu wananunua jina. Tena kuanzia kizazi cha nane ndipo Windows 11 inapokubali rasmi kwa prosesa za Intel, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 2025. Kwa hiyo chini ya kizazi cha nane mimi sishuki.

Ile i5 ndiyo niliyoondoka nayo. Ni ThinkPad T480, niliilipia laki saba na nusu ikiwa na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8. Nane inatosha kwa kuchambua picha, lakini ukifungua programu za kuhariria, Lightroom na Photoshop, pamoja, na WhatsApp ya wateja ikawa wazi, inaanza kupiga miayo. Weka 16. T480 ina nafasi mbili za RAM, fundi anaongeza unamwangalia. Usiichanganye na T480s, nyembamba zaidi, ambayo sehemu ya RAM imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi. MacBook Air ya M1, ya 2020, ina kioo kizuri sana na kazi za picha inazifanya kimya kimya bila feni, ila RAM na diski zote ziko kwenye bodi: ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho. Ukiichukua, tafuta ya 16. Na mbele ya muuzaji ifutwe, kisha uianzishe kama mpya mpaka mwisho kabisa, maana zipo zilizofungwa na akaunti ya mwenyewe wa kwanza, na hiyo ni sinia la kuandalia chai.

Kadi ya grafiksi? Kwa kurekebisha rangi, kukata na kupunguza madoa ya uso, ya ndani inatosha. Inapokushinda ni kwenye ile Denoise ya Lightroom, inayosafisha chengachenga za picha zilizopigwa ISO 6400 ukumbini chini ya taa za zambarau. Kwenye T480 yangu picha moja inakula dakika kadhaa, kwa hiyo nateua kumi za albamu naziacha zikipikwa huku na mimi napika. Ukitaka kuipitisha kwenye harusi nzima, hapo tafuta mashine yenye kadi ya NVIDIA RTX, na ujue inakuja na joto, kelele na betri isiyodumu. Kwa mashine dhaifu kuna ujanja mwingine: Lightroom Classic inaweza kutengeneza Smart Previews, nakala ndogo za pikseli 2560 upande mrefu. Unahariri hizo, mabadiliko yanaingia kwenye picha halisi. Mwanzoni nilidhani inapunguza ubora wa kazi ya mwisho. Haipunguzi.

Kabla hujatoa pesa ya mashine ya mtumba, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike powercfg /batteryreport. Faili litakalotoka linaonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake leo. Kama umebaki nusu, hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei. Weka pia CrystalDiskInfo kwenye ile flashi yako uangalie afya ya diski. Ingia BIOS, menyu inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, uone kama haina nenosiri la kampuni iliyoitupa. Bonyeza kila kitufe cha kibodi, hasa Ctrl na Z, hivyo utavimaliza.

Diski ndiyo watu wanaipunja. Piga hesabu nami: kamera ya Canon 6D inatoa RAW, yaani faili ghafi la picha, ya kama MB 25. Harusi moja ni picha 2,000, hiyo ni GB 50. Ongeza kitchen party na send-off ya familia hiyohiyo, uko 100 na ushee. SSD ya 256, ukitoa Windows na programu, inajaa kabla mwezi haujaandama. Ninavyofanya: SSD ya GB 512 ndani, kwa kazi inayoendelea tu, diski mbili za nje za TB 2 zenye vitu vilevile, moja mezani, moja kwa dada yangu Tandika. Kadi ya kamera siifuti mpaka picha zimekaa sehemu zote mbili. Kuna wakati nilikuwa na diski moja, ikaanguka kutoka kwenye kiti. Ilianguka urefu wa goti tu. Ikawa inalia tik, tik, tik, na ndani yake kulikuwa na ubatizo wa watoto pacha ambao wazazi wao bado tunakutana sokoni.

Ukiona diski ndogo kama kiberiti inayodai TB 16 kwa bei ya kuku wawili, ni feki. Imedanganywa ionyeshe namba kubwa, na ukishapita uwezo wake halisi inaandika juu ya picha zako bila kukuambia. Programu ya H2testw hujaza diski yote kisha inasoma tena kuhakiki. Inachukua saa nyingi, lakini kila diski au kadi mpya naipitisha humo.

Vidogo vidogo: kisoma kadi kiwe USB 3, chenye ulimi wa buluu mara nyingi. Kile cha USB 2 hupitisha kama MB 30 kwa sekunde, kwa hiyo GB 50 ni karibu nusu saa. Kwa USB 3 na kadi nzuri ni kama dakika kumi. UPS ya 650VA inatosha kioo na diski ya nje, kwa sababu laptopu ina betri yake. Kazi yake ni kukupa muda wa kufunga kila kitu vizuri umeme ukikatika, usitegemee kumalizia albamu nayo. Kalamu ya kuchorea, Wacom au Huion ndogo, inunue kama unarekebisha ngozi kila siku. Kipanya chochote chenye waya kinafaa.

Kimebaki chumba. Ukuta wangu ulikuwa wa pichi, wenye nyumba walipaka wenyewe, na rangi ile ilikuwa inarudi machoni kila ninapoinua kichwa. Nikaomba ruhusa nikaupaka kijivu. Mume wangu alidhani nimeishiwa rangi nikaacha kazi katikati. Pazia nafunga mchana, taa ni moja, nyeupe, nyuma ya kioo. Na dera langu la njano silivai nikikaa kuhariri, maana linaakisi kwenye kioo, na shela zote zinaonekana kama zimekaa kwenye manjano.