Oili na petroli kwenye mashine ya boti ya tu-stroki: pima, usikisie

Mashine ya boti ya tu-stroki (injini ya mipigo miwili) haina oili inayokaa chini na kuzunguka kama ya gari. Beringi, konrodi na pistoni hulainishwa na oili inayoingia pamoja na petroli, kisha huungua na kutoka na moshi. Ukiikosea kwenye dumu, mashine nyingi za kuchanganyia mkononi hazina hata taa ya kukuonya.

Kipimo kinachotumika sana ni 50:1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Lita 5 zinataka 100, lita 20 zinataka 400, na lita 25 zinataka nusu lita, sawa na chupa moja ndogo ya maji ya kunywa. Mashine mpya ni habari nyingine: Yamaha nyingi za kuchanganyia huanzwa na 25:1 kwa saa 10 za kwanza, yaani mililita 800 kwa lita 20, bila kukaza mwendo hadi mwisho. Zipo zilizoandikiwa 100:1, na zipo zenye tangi lao la oili zinazojichanganyia zenyewe. Fuata kitabu cha mashine yako, si jirani wa bandarini.

Oili iwe imeandikwa TC-W3, alama ya oili ya mashine za boti za tu-stroki zinazopozwa na maji. Ile ya 2T (yaani tu-stroki) ya pikipiki imetengenezewa injini inayopozwa na upepo. Kwenye mashine inayopozwa na maji huacha majivu juu ya pistoni na kuziba pengo la plagi. Oili ya injini ya gari ni mbaya zaidi, hata kama ndiyo pekee dukani.

Changanyia nchi kavu, dumu likiwa chini na si ndani ya boti, na sigara iwe mbali. Mimina kwanza lita kama 5 za petroli kupitia faneli yenye chujio, tia oili yote uliyopima, funga, tikisa vizuri, kisha ongeza petroli iliyobaki na utikise tena. Oili ikitangulia peke yake hunata chini. Mchanganyiko uliolala usiku kucha utikise kabla ya kuondoka.

Kosa kubwa hutokea wakati wa kuongezea. Tangi likiwa na lita 7 zilizokwisha kuchanganywa na ukaongeza 13, oili ni ya zile 13 tu: mililita 260. Hesabu lita zilizosomwa kwenye pampu ya kituo, kwa sababu dumu la mafuta ya kula likijazwa hadi shingoni hupita lita 20. Wala usipime kwa rangi. Kila kampuni hutia rangi yake, ya buluu au ya kijani, nzito au nyepesi.

Oili ikizidi utaona moshi mzito, plagi nyeusi iliyolowa na mashine kukataa kuwaka asubuhi. Baadaye masizi hukwamisha ringi za pistoni. Ikipungua, huoni kitu. Plagi inaweza kubaki na rangi yake nzuri ya kahawia hafifu huku pistoni ikikwaruza silinda, mpaka siku mashine inanoki, yaani inakwama kabisa. Plagi nyeupe kwa kawaida ni dalili ya petroli kutofika vya kutosha, pengine jeti (kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta) imeziba, na kuongeza oili hakuitibu.

Mashine ikikaa siku kadhaa, chomoa mpira wa mafuta uiache iungurume, maji ya kupoza yakiwa yanapita, hadi izime. Petroli iliyobaki kwenye kabureta hukauka na kuacha oili inayonata kwenye jeti.

Ukigundua umejaza petroli tupu, zima papo hapo. Chomoa mpira, fungua skrubu ya chini ya kabureta umwage kilichomo, tia oili kwa lita zilizobaki tangini, tikisa, rudisha mpira, kisha kamua balbu yake (ile pampu ya mkono) mpaka iwe ngumu kabla ya kuvuta kamba.