Kabla ya Kubadilisha Ubao Mama wa Seva na Chipu Yake ya Usalama

Fundi aliyeko Tabora anapobadilisha ubao mama wa seva, yaani ubao mkuu unaounganisha sehemu zote za kompyuta hiyo, anajua kwamba ubao mpya ukimharibikia mkononi, huenda akasubiri mwingine usafirishwe kutoka Dar es Salaam, na kwa hiyo kazi kubwa huifanya kabla bisibisi haijagusa skrubu.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni ufunguo wa kurejesha data. Chipu ya usalama, ambayo mafundi tunaiita TPM, hutunza siri zinazofungua diski zilizofungwa kwa usimbaji, na katika seva nyingi ikishapachikwa hufungamana na ubao wake, kiasi kwamba ukiihamishia kwenye ubao mwingine haifanyi kazi tena. Ubao mpya basi huhitaji chipu mpya, nayo haizijui siri za ile ya zamani. Ikiwa diski zinalindwa na BitLocker, programu ya Windows ya kufunga diski kwa usimbaji, tafuta ufunguo wake wa kurejesha wenye tarakimu 48, uhifadhi nje ya seva hiyo, kisha kaeni wawili: mmoja asome mafungu manane ya tarakimu sita sita, mwingine ayahakiki kwenye karatasi, pamoja na kitambulisho cha ufunguo, kwa sababu ufunguo wa diski nyingine hautakufaa kitu. Ndipo usitishe ulinzi huo kwa muda, ukiwa na nakala rudufu uliyokwisha kujaribu kuirejesha.

Piga picha kurasa zote za mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha seva), mpangilio wa RAID (namna diski kadhaa zinavyounganishwa kufanya kazi pamoja) na namba ya seva. Anwani za MAC, yaani namba zinazotambulisha kila mlango wa mtandao, za milango iliyomo ndani ya ubao zitabadilika, hivyo msimamizi wa mtandao aarifiwe mapema, na leseni zilizofungwa kwenye ubao wa zamani ziulizwe kwa muuzaji.

Wakati wa kiangazi hewa ya Tabora hukauka na umeme tuli hujikusanya mwilini bila wewe kuhisi, kwa hiyo vaa kamba ya mkononi yenye waya wa arthi. Chomoa nyaya zote za umeme, na vumbi lipulizwe nje, mbali na soketi ya prosesa, ambayo pini zake ni nyembamba na moja tu ikipinda ubao unaweza kukataa kuwaka.

Mwisho, angalia UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kuipa seva umeme ule wa kawaida ukikatika. Seva ikikosa umeme katikati ya kusasisha BIOS, ubao mpya unaweza kufa hapo hapo. Betri isipojaa, usianze.