Kutoka kanda ya rili hadi santuri mbili: namna ya kutoa upya albamu ya bendi ya zamani

Ubora wa toleo jipya huamuliwa siku kanda inapochezwa. Mlio wa matoazi uliofifia siku hiyo kwa sababu hedi (kichwa cha mashine kinachosoma kanda) ilikaa upande hautarudishwa na programu yoyote. Programu itabandika kitu kinachofanana nao, basi. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye kanda na kwenye kupanga pande nne za santuri, halafu unapita haraka kwenye kompyuta, ambako wengi hupotezea muda wao.

Kipimo chetu ni albamu ya The Beatles yenye jalada jeupe, iliyotoka Uingereza tarehe 22 Novemba 1968: nyimbo 30, takriban dakika 93, santuri mbili. Kati ya matoleo yake mapya, mawili yanafaa kulinganishwa. Mwaka 2014 toleo la mono (sauti zote kwenye njia moja) lilichongwa katika studio ya Abbey Road, London, moja kwa moja kutoka kanda za masta (kanda za mwisho zilizokamilishwa studio) bila kupitia dijitali. Mwaka 2018 mtayarishaji Giles Martin na fundi Sam Okell walichanganya sauti upya kutoka kanda za kurekodia. Mwenye kanda za bendi ya dansi, benga au rumba hukutana na maswali yaleyale, ila mfuko wake ni mdogo.

Kabla ya kuwasha mashine

Soma boksi la kanda: kasi, mono au stereo, tarehe, mfuatano wa nyimbo. Tafuta kama ni masta yenyewe au nakala. Nakala ya kwanza tu huongeza mvumo (ile "shhh" ya kanda) kwa takriban desibeli 3, kwa hiyo inafaa kuhangaika kidogo kutafuta iliyo juu yake.

Kisha ujue kama unaweza kuchanganya upya au huwezi. The Beatles walianza kazi Mei 1968 kwenye mashine ya njia nne (inayorekodi sauti nne kando kando kwenye kanda moja), na Abbey Road walianza kuwarekodi kwa njia nane mwanzoni mwa Septemba. Kanda hizo zipo, ndipo toleo la 2018 likawezekana. Bendi iliyopiga yote kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, moja kwa moja kwenye mono, haikuacha cha kuchanganya. Siku hizi zipo programu za kutenganisha ala kutoka kanda moja, na teknolojia ya aina hiyo ilitumika kwenye toleo la 2022 la "Revolver", albamu ya The Beatles ya 1966. Ukizitumia, sikiliza mkia wa matoazi na mwisho wa maneno ya mwimbaji. Pakianza kusikika kama maji yanayochuruzika, rudi kwenye mono yako.

Kama zipo masta mbili, ya mono na ya stereo, usidhani ni kitu kimoja. Kwenye albamu hii "Helter Skelter" ya stereo ina dakika 4 na sekunde 29: inafifia, inarudi, na inaisha kwa mpiga ngoma Ringo Starr kupiga kelele. Ya mono ni fupi kwa karibu dakika nzima na kelele hizo hazimo. "Don't Pass Me By" ya mono inakwenda kasi zaidi. Ukiminya stereo na kuiita mono, mnunuzi anayejua atakugundua kabla hajamaliza upande wa kwanza.

Haki nazo zisisubiri. Kumiliki kanda hakukupi haki ya kuitoa. Kuna haki ya utunzi na kuna haki ya rekodi, na mara nyingi ziko mikononi mwa watu tofauti. Maliza hilo kwa maandishi, na uulizie kwenye ofisi za hakimiliki, COSOTA Tanzania au KECOBO Kenya, kabla hujalipa kiwanda.

Kanda inayonata, na kanda isiyookwa

Kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zenye mgongo mweusi, Ampex 406 na 456 zikiwemo, hunyonya unyevu na gundi yake hulegea. Dalili: kanda inapiga mluzi ikipita, inasimamasimama, na inaacha ute wa kahawia kwenye hedi. Zima mara moja. Kila sekunde unayoendelea, unakwangua muziki wenyewe.

Dawa yake ni joto dogo kwa muda mrefu: nyuzi 54 hivi za Selsiasi, saa 8 kwa kanda ya robo inchi, ukiigeuza rili mara kwa mara. Joko la jikoni halifai, la gesi ndiyo kabisa, kwa kuwa joto lake hupanda na kushuka. Kikaushio cha matunda chenye kidhibiti joto hufanya kazi hiyo vizuri, mradi ukipime kwa kipimajoto chako badala ya kuamini namba za kwenye kitufe. Iache ipoe saa nyingi kama ilizookwa, kisha ihamishe sauti ndani ya wiki chache. Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, unyevu hurudi upesi. Ifunge kwenye mfuko pamoja na vipakiti vya kukaushia.

Ila usioke kila kanda. Inyanyue rili dhidi ya taa: mwanga ukipenya ubavuni mwa mkunjo, hiyo ni asetati (aina ya plastiki ya kanda za zamani), na joto litaiharibu. Ikinuka siki, imeshaanza kuoza, ipe nafasi ya kwanza kwenye foleni. Yenye ukungu isichezwe; vaa barakoa na uisafishe nje, mbali na mashine na kanda nyingine.

Kuicheza

Safisha hedi na njia ya kanda kwa isopropili ya asilimia 99, ondoa usumaku, kisha weka kasi. Za studio ni sentimita 38 au 19 kwa sekunde. Chagua pia mkondo sahihi wa usawazishaji, yaani kiwango cha kupandisha na kushusha sauti za juu na za chini kilichotumika kurekodi: studio zenye vifaa vya Ulaya zilifuata CCIR, za Marekani NAB. Kanda ya CCIR ikichezwa kwa NAB hung'aa kupita kiasi juu na hukonda chini kabisa. Ubaya wake ni kwamba kwa dakika tano za kwanza inasikika kama uboreshaji.

Sasa hedi. Hapa ndipo mahali pa kutokuwa na haraka. Kama mwanzoni mwa kanda kuna milio ya majaribio, itumie. Kama hakuna, tafuta sehemu yenye kayamba au matoazi, unganisha njia mbili kuwa mono, na ushike bisibisi. Zungusha skrubu ya hedi kidogo sana, nusu ya robo mzunguko na chini ya hapo. Kayamba itazama kama mtu aliyefunikwa blanketi, kisha itachomoza ghafla, kisha izame tena. Simama pale ilipochomoza. Rudia kwa kila rili, na kwa kila wimbo uliounganishwa kutoka kanda nyingine, kwa sababu mashine iliyorekodi inaweza kuwa tofauti.

Kwa kuhakiki kasi, usitegemee gitaa. Bendi nyingi zilitune kwa kusikilizana zenyewe, bila kufuata kipimo cha nje. Tegemea umeme: mngurumo wa umeme wa Afrika Mashariki ni Hz 50, na mara nyingi ulivujia kwenye kanda siku ya kurekodi. Uangalie kwenye kompyuta. Ukikuta 51.5, kanda inakwenda kasi kwa asilimia 3. Kwanza hakikisha mngurumo huo hautoki kwenye mashine yako: cheza kipande cha mkanda mweupe usio na sauti, ulinganishe. Na kama studio ilikuwa ikitumia jenereta, kipimo hiki hakina maana.

Rekodi kwenye kompyuta kwa biti 24 na kHz 96, uache nafasi ya desibeli 6 juu.

Rili ikiwa imepotea kabisa, kimbilia santuri ndogo za mzunguko wa 45. Nyimbo nyingi za Afrika Mashariki zilikatwa katikati, sehemu ya 1 upande mmoja na sehemu ya 2 upande wa pili. Tafuta nakala tatu au nne, zioshe, jaribu sindano za ukubwa tofauti, uunganishe njia mbili kuwa mono. Kwa kuunga sehemu hizo, sikiliza ngoma badala ya gitaa, na ukate kwenye pigo la kwanza la mzunguko. Pengo la kufifia likiwa refu mno, acha sehemu mbili kama zilivyotoka. Ni heshima zaidi kuliko kiungo kinachopepesuka.

Kusafisha, na wapi pa kuacha

Ondoa mikwaruzo mmoja mmoja. Mvumo uguse kidogo au uuache. Ukiuondoa wote, hewa ya chumba inaondoka nao. Na kabla hujafuta kelele, jiulize kama ni ya kanda au ya wanamuziki. Mwishoni mwa "Long, Long, Long" kuna mtetemo wa ajabu: chupa ya mvinyo iliyokuwa juu ya spika ilianza kucheza noti fulani ya kinanda ilipopigwa, na wakaiacha. Kwenye "Blackbird" kuna mdundo unaodhaniwa kuwa wa mashine, kumbe ni mguu wa Paul McCartney. Mafundi wa toleo jipya wangefuta hivyo, wangechekwa hadi leo.

Usiibane sauti iwe kubwa. Santuri haikuongezei ukubwa kwa kubanwa. Inakuongezea mikwaruzo tu.

Pande nne

Kwenye mzunguko wa 33⅓, upande wa dakika 18 hadi 20 una raha. Ukifika 23, kama wastani wa albamu hii, mchongaji analazimika kupunguza sauti au besi ili mifereji (mistari ambamo sindano hupita) ienee. Jumla ya dakika 76 ni nzuri kwa santuri mbili. Ukiwa na nyimbo za dansi za dakika nane tisa, hizo ni mbili kwa upande, na moja ya ziada haitaingia hata ukilia.

Mwendo wa mfereji nao unabadilika: ukingoni sindano inapitiwa na sentimita 51 kwa sekunde, karibu na lebo ni 21 tu. Kwa hiyo wimbo wenye matoazi makali au mwimbaji wa "s" kali usiwe wa mwisho. Pande tatu kati ya nne za albamu nyeupe huishia kwa utulivu: "Julia", "Long, Long, Long" na "Good Night".

Mpangilio huo ulifungwa katika kikao cha saa 24, tarehe 16 na 17 Oktoba 1968, na kanuni zake zinaigika: nyimbo nne za George Harrison ziligawanywa moja kila upande, nyimbo za wanyama zikakaa jirani upande wa pili, na, isipokuwa mwishoni mwa upande wa nne, mtunzi mmoja asifuatane zaidi ya mara mbili. Bendi yenye waimbaji watatu ifanyiwe hivyohivyo. Kuwarundika wote wa mwimbaji mmoja upande mmoja ni uvivu.

Kiwandani

Peleka faili moja kwa kila upande, biti 24, pamoja na karatasi ya muda wa kila wimbo. Besi iliyo chini ya Hz 150 hivi iwe katikati. Besi inayopingana kushoto na kulia huinua sindano na kuirusha.

Agiza nakala za majaribio na uzicheze zote pande nne, kwenye mashine nzuri na kwenye mashine ya kawaida. Mlio wa kuchanika unaorudi kila mzunguko ni plastiki isiyojaa mferejini. Kinanda kinachopanda na kushuka kwenye noti ndefu ni tundu lisilo katikati. Kelele iliyo mahali palepale kwenye nakala zote imetoka kwenye bamba (chapa ya chuma ya kukandamizia santuri), iliyo kwenye nakala moja imetoka kwenye kukandamiza. Mweleze kiwanda ni ipi kati ya hizo, utasikilizwa haraka zaidi. Bamba moja hutoa takriban nakala 1,000, kwa hiyo kosa lililo kwenye bamba litakuwa kwenye toleo lako lote. Usisaini idhini kwa kusikiliza faili.