"Water" kwa lafudhi ya Marekani na ya Uingereza: anza na "mara"

Ninapofundisha matamshi ya Kiingereza huanza na "water". Ni neno fupi, la kila siku, na ndani yake unaona waziwazi pale Mmarekani na Mwingereza wanapoachana. Isitoshe, ile t ya Kimarekani inayowashinda wengi, wewe unayezungumza Kiswahili unayo tayari mdomoni.

Hatua ya 1: Mkazo. Silabi ni mbili, mkazo uko kwenye ya kwanza, kama ambavyo Kiswahili kingeuweka. Hapa hutakosea, tusonge mbele.

Hatua ya 2: T ya Kimarekani. Sema "mara" polepole, ukiufuatilia ulimi. Ncha yake inagusa ufizi nyuma ya meno ya juu, mara moja tu, kisha inaondoka. R hiyo ndiyo t ya Mmarekani katika "water". Toa m, weka w: "wara". Usiitetemeshe, mguso ni mmoja. Kisha sema "bora", toa b, weka w: "wora". Irabu ya Kimarekani huangukia kati ya hizo mbili, na hubadilika kidogo toka eneo hadi eneo.

T hugeuka hivi ikiwa katikati ya irabu na silabi inayofuata haina mkazo: "city", "better", "butter". Ndiyo maana "writer" na "rider" za Mmarekani hukaribia kuwa neno moja sikioni. Lakini "hotel" ina mkazo mwishoni, kwa hiyo t yake hubaki t.

Hatua ya 3: Mwisho wa Kimarekani. Kazi iko hapa. Mwishoni hakuna a, kuna r ndefu ambayo ncha ya ulimi haigusi popote. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akisema "warara" kila akijaribu, kwa sababu ncha ilipopanda iligonga ufizi tena. Nilimwambia aegemeze kingo za ulimi kwenye magego ya juu, aiache ncha ielee, kisha agune mfululizo. Ikatoka. Fanya vivyo hivyo: guna, na unapoguna uvute ulimi nyuma taratibu. Utasikia mguno ukigeuka r. Ukiupata, utangulizie "wa" na ule mguso mmoja.

Hatua ya 4: Namna ya Uingereza. Sema "kioo" na uikawize oo ya mwisho, midomo ikiwa imeviringana. Anza na w, shikilia irabu hiyo hiyo: "woo". Kisha gonga t kamili, yenye pumzi kidogo. R ya mwisho haisikiki kabisa. Inabaki irabu hafifu, si a wala e, ya mdomo uliolegea. Wengi wetu huifungua ikawa a ya "maji". Weka kidole chini ya kidevu: taya likishuka kwenye silabi ya pili, umeifungua mno.

R hiyo hurudi neno linalofuata likianza na irabu: "water is" husikika kama "woota-riz". London utawasikia pia wengi wakikata pumzi kooni mahali pa t. Ni matamshi yao halali, ila mwanafunzi asianze nayo.

Hatua ya 5: Kamusi. Nukta mbili baada ya irabu maana yake ni ndefu. Kamusi ya Cambridge huweka alama ndogo kama v chini ya t ya Kimarekani. Ukiiona, kumbuka "mara".

Hatua ya 6: Jirekodi kwa simu ukisema "a bottle of water", kwanza Kimarekani, kisha Kiingereza cha Uingereza. Katika ya kwanza usikie miguso miwili ya "mara", mmoja ndani ya "bottle" na mwingine ndani ya "water". Katika ya pili usikie t mbili kamili. Ukisikia mguso mmoja na t moja, umechanganya lafudhi; rudia "bottle" peke yake kwanza.