Asetanilidi inapogoma kutoa fuwele: tafuta uchafu kabla ya kukimbilia barafu

Umechemsha asetanilidi, kemikali nyeupe inayotengenezwa kutokana na kimiminika kiitwacho anilini, kwenye maji ili kuisafisha, ukaiacha ipoe, na badala ya fuwele nyeupe zinazometameta umepata matone ya mafuta kwenye kitako cha bika (chombo cha kioo cha maabara). Wengi hapo huzamisha bika kwenye barafu. Matone yataganda kweli, lakini yataganda pamoja na uchafu wake, maana uchafu mwingi wa jamii ya anilini hukaa kwenye mafuta kwa urahisi kuliko kwenye maji.

Anza na hesabu ya maji. Mililita 100 za maji yanayochemka humumunya takriban gramu 5.5 za asetanilidi. Maji ya joto la kawaida la chumba hubakiza kama nusu gramu tu. Asetanilidi kavu na safi huyeyuka kwenye nyuzi 114 za Selsiasi, lakini ikiwa ndani ya maji hugeuka mafuta kuanzia kama nyuzi 83. Kwa hiyo, ukibana maji sana, hata kitu safi kitatoa matone kabla ya fuwele. Kwa gramu 5 tumia mililita 110 hadi 120. Ukiona matone, ongeza mililita 10, rudisha kwenye moto, koroga mpaka yaishe kabisa, kisha acha bika juu ya meza bila kuigusa. Matone yakirudi joto likiwa limeshuka hadi nyuzi 60 au chini ya hapo, maji hayana kosa. Hapo mshuku uchafu.

Mshukiwa wa kwanza ni anilini iliyobaki bila kutenda. Ponda asetanilidi ghafi, ikoroge dakika chache kwenye mililita 20 za asidi hidrokloriki baridi ya mola 1 kwa lita, chuja, kisha suuza kwa maji baridi kidogo kidogo hadi maji yanayotoka yasigeuze karatasi ya litmasi ya buluu kuwa nyekundu, yaani asidi imeisha. Anilini huwa chumvi na kuondoka na maji. Asetanilidi hubaki kwenye karatasi. Asidi hiyo isipashwe moto, kwa sababu ikiwa moto huivunja asetanilidi na kurudisha anilini ileile unayoifukuza. Suuzo hilohilo huondoa pia asidi asetiki iliyosalia. Vaa glavu: anilini hupenya ngozi.

Rangi ya kahawia kwa kawaida hutokana na anilini iliyozeeka kwenye chupa. Dawa yake ni mkaa amilifu (unga wa mkaa unaonyonya rangi), gramu 0.05 hadi 0.1 kwa gramu 5, si kijiko kizima. Mkaa hauchagui, hunyonya na asetanilidi yako pia. Toa bika motoni, subiri mchemko utulie, ndipo uutie. Ukiutia kwenye maji yanayotokota, yatafurika mpaka mezani. Chemsha dakika 5, chuja yakiwa moto kwa faneli ya shina fupi iliyopashwa joto na karatasi iliyokunjwa mikunjo mingi. Fuwele zikiziba shina, mimina maji ya moto juu yake, kisha punguza maji ya ziada kwa kuchemsha. Vumbi jeusi likipenya, rudia kwa karatasi mbili.

Na ikiwa hakuna mafuta wala fuwele? Kwaruza ukuta wa ndani wa bika kwa fimbo ya kioo, pale uso wa maji unapogusa kioo, au dondosha chembe moja ya asetanilidi safi. Bado kimya? Maji yamezidi: chemsha mpaka yapungue kwa sehemu moja ya tano, halafu poza tena. Barafu huja mwisho kabisa, fuwele zikishajitokeza.

Usitarajie gramu 5 zote. Maji mililita 120 hubaki na takriban gramu 0.6, hata kila kitu kikienda sawa.

Kausha vizuri kabla ya kupima kiwango cha kuyeyuka, kwani unyevu hukishusha na kukufanya ulaumu uchafu usiokuwapo. Kati ya nyuzi 113 na 115, umefaulu. Ikianza kuyeyuka kwenye 105 na kumalizika 112, rudia. Na kama mara ya pili haibadiliki, badili kiyeyusho: mumunya kwenye ethanoli (alkoholi) kidogo ya moto, ukiipasha kwa maji ya moto na si kwa mwali, dondosha maji ya moto hadi uone ukungu, rudisha matone machache ya ethanoli mpaka ukungu upotee, kisha funika na uache ipoe polepole.