Taulo likikauka linasimama lenyewe? Jinsi ya kuanika nguo zibaki laini

Naona watu wengi taulo likikauka gumu jibu lao ni kuongeza kifuniko kingine cha softena, wakati shida yenyewe iko kwenye beseni la kusuuzia. Ulaini wa nguo unapatikana kwenye kusuuza na kukung'uta, mengine yote ni nyongeza. Na mashine ya kukaushia wala huihitaji, jua tunalo na upepo wa ziwani tunao.

Tuanze na sabuni. Sabuni ya unga imwage kwenye maji kwanza, ikoroge mpaka iyeyuke kabisa ndo uweke nguo, sio unaweka nguo afu unanyunyizia sabuni kwa juu, zile punje zinaingia kwenye nyuzi za taulo zinabaki humo humo. Vijiko viwili vitatu vya chakula kwa beseni la kawaida vinatosha jamani, usipime usafi kwa povu. Maji yetu ya bomba hapa Mwanza yanatoka ziwani na hayana chokaa nyingi, kwahiyo povu linatoka haraka na kulimaliza ndo kazi. Wanaotumia visima vyenye maji ya chumvi chumvi wao shida yao ni nyingine, chokaa ya kwenye maji inashikana na sabuni ya kipande inatengeneza ule utando mweupe unaoganda kwenye nguo, hao sabuni ya unga inawafaa zaidi.

Kusuuza sasa. Najua ukikaa juu kule Bugando au Mabatini, maji yakikatika unapandisha ndoo kwenye mawe, mtu anaona uchungu kumwaga beseni la pili. Usimwage. Suuza mara ya kwanza, kamua vizuri, suuza tena kwenye maji mapya, na taulo na jinzi zikubali mara ya tatu. Yale maji ya mwisho bado masafi, yatumie kuloweka nguo zinazofuata, yaliyochafuka zaidi deki nyumba au mwaga chooni. Utajuaje sabuni imeisha? Kamata pindo la taulo, likamue kwa nguvu juu ya kiganja uangalie yale maji, kama yanateleza au yana vipovu bado haijaisha.

Kwenye maji ya mwisho weka siki nyeupe, nusu kikombe kwa beseni. Inaondoa mabaki ya sabuni na chokaa, na harufu yake inaisha nguo ikikauka. Ila usiichanganye na jiki hata kidogo, hewa inayotoka hapo ni sumu inachoma kifua. Softena kwa taulo mi sishauri, inapaka nyuzi halafu taulo linakuwa laini lakini halikaushi maji mwilini, sasa taulo la nini hilo. Nepi za mtoto hivohivo.

Na ufulie nyumbani, usishuke nazo ziwani, kichocho kipo kwenye maji ya pembeni na sabuni yetu inarudi kwenye maji yale yale tunayokunywa.

Sasa kwanini nguo hata ikisuuzwa vizuri bado inakauka ngumu? Mwaka 2020 watafiti wa Japani walieleza kwamba pamba ikikauka yenyewe kuna maji kidogo sana yanabaki yameng'ang'ania kwenye nyuzi, na hayo ndo yanazigandisha nyuzi zenyewe kwa zenyewe. Mashine ya kukaushia inazirusharusha nguo nyuzi hazipati nafasi ya kushikana. Kwahiyo kazi ya mashine utaifanya kwa mkono. Kabla ya kuanika shika taulo ncha mbili likung'ute kwa nguvu mpaka lipige mlio, mara tano sita, geuza upande wa pili urudie, utaona vile vinyweleo vyake vinasimama. Afu likikaribia kukauka rudi ulikung'ute tena hapo hapo kwenye kamba. Hii ya pili ndo wengi wanairuka na ndo yenye maana zaidi.

Pa kuanika tafuta kivuli chenye upepo. Mchana upepo unatoka ziwani unapanda, kamba ikipishana nao nguo zinapepea zenyewe, na kupepea ndo kunakolainisha. Jua la saa saba linaipiga nguo inakakamaa na rangi inapauka. Kwenye mawe mi sipapendi japo mtaani kwetu ni kawaida, jiwe linachoma kwa chini, upepo haupiti, nguo inakauka imelala bapa. Kama huna kamba basi anika mashuka na vitenge tu, taulo hapana. Acha nafasi kati ya nguo na nguo, fulana zibane kwa chini, jinzi zigeuze nje ndani. Wa karibu na mwalo wa Kirumba angalieni upepo unakotokea, nguo mbichi inanasa harufu ya dagaa hata ukifua upya haitoki haraka. Na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi wakikutulia kwenye nguo mbichi usiwafute, wanapondeka wanaacha madoa, acha nguo ikauke ndo uikung'ute.

Anua mapema, mshono ukiwa bado na kaubaridi kidogo. Ikisahaulika hapo mpaka jioni imeshaganda. Ingiza ndani, isugue kwa viganja viwili, malizia kuikausha kwenye hanga au kiti, baadae pasi kwa zinazohitaji pasi.

Masika ukilazimika kuanika ndani, fungua madirisha na usirundike nguo, ikichelewa kukauka inanuka.

Kwa taulo ambazo tayari zimeshakakamaa, hata zile za mtumba za Mlango Mmoja, usizitupe. Loweka kwenye maji ya moto bila sabuni yoyote, zikandekande, utashangaa povu linalotoka. Mwaga, weka mengine na siki yako, rudia mpaka maji yatoke masafi, afu kung'uta kama nilivosema.