Kulinganisha krosova za mtumba kutoka Japani: namba ya chasisi kwanza, jina la kiwanda baadaye

Kwenye yadi za Mombasa na Dar es Salaam utakuta CX-5 (Mazda), X-Trail (Nissan), Forester (Subaru), Harrier (Toyota), CR-V na Vezel (zote Honda) zimepangwa pamoja, bei zimekaribiana, na kila moja imeshabeba sifa yake ya mtaani. Toyota haisumbui. Nissan giaboksi zake mbovu. Subaru inakula oili. Mazda ya dizeli usiiguse. Sifa hizi hazikuzuka hewani, kila moja ina kisa cha kweli nyuma yake. Kasoro yake ni kubandikwa kwenye nembo, wakati ugonjwa unakaa kwenye injini fulani na giaboksi fulani za miaka fulani. CX-5 ya petroli na CX-5 ya dizeli zina bodi moja, lakini kwa atakayelipa fundi ni magari mawili tofauti kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, omba namba ya chasisi. Herufi za mwanzo zinakwambia kilichomo ndani.

Zinavyosomeka

CX-5 ya toleo la kwanza (kuanzia 2012): KEE ni petroli ya lita 2.0, KE5 ni petroli ya 2.5, KE2 ni dizeli ya 2.2. Toleo la pili (kuanzia 2017): KFEP, KF5P na KF2P kwa mpangilio huohuo. X-Trail: NT31 na NT32 ni za 4WD (zinavuta kwa magurudumu yote manne) zenye injini ya 2.0, T31 na T32 zinavuta kwa mbele tu, na HNT32 ni hybridi. Forester: SJ5 haina turbo, SJG inayo. CR-V: RM1 ni 2.0, RM4 ni 2.4. Vezel: RU1 na RU2 ni petroli, RU3 na RU4 ni hybridi. Harrier: ZSU60 ni 2.0 ya kuvuta mbele, ZSU65 ni 4WD, AVU65 ni hybridi. RAV4 na Vanguard za zamani, nazo za Toyota, zinaanza na ACA.

RAV4 ya bodi ya 2013 hadi 2018 haikuuzwa Japani. Toyota waliendelea kuuza bodi ya zamani huko hadi 2016, na bodi mpya ikaingia 2019. Ukiiona ya miaka hiyo ya kati bandarini, imetoka Uingereza, Australia au nchi nyingine, kwa hiyo hadithi ya "imetoka Japani moja kwa moja" haiwezi kuwa kweli. Ikiwa ni ya Uingereza, lala chini uangalie kutu: barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Magari ya Hokkaido, kaskazini mwa Japani, yanahitaji ukaguzi huohuo.

Mwaka nao unaamua mengi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza. Tanzania inaruhusu, ila ushuru wa uchakavu unaanza gari likipita miaka 8 na unapanda tena likipita 10. Gari la bei chee la mwaka 2013 linaweza kuishia ghali kuliko la 2018 ukishajumlisha kila kitu.

Sifa za viwanda, na zinapoishia

Tuanze na Nissan, maana hapa ndipo watu wanapoteza hela nyingi. X-Trail ya T31 na T32 hutumia CVT ya Jatco, yaani mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili. Mkanda ukiteleza unakwangua puli, chembe za chuma zinaingia kwenye oili, zinakwama kwenye vali, presha inashuka, mkanda unateleza zaidi. Joto ndilo linaloharakisha hayo yote. Ukipanda milima ya Kitonga (Tanzania) au Mai Mahiu (Kenya) na abiria watano, oili ya CVT iliyochoka inapikwa. Nchini Marekani, Nissan waliongeza dhamana ya giaboksi za Rogue za 2014 hadi 2018, ambayo ni ndugu wa T32, kutoka miezi 60 hadi 84. Kiwanda hakiongezi dhamana bila sababu. Lakini injini yenyewe ni ngumu, nafasi ni kubwa, spea ni tele. X-Trail iliyobadilishiwa oili ya CVT kila kilomita 40,000, ikiwa na risiti, inafaa kununuliwa. Isiyo na rekodi, toa kwenye bei gharama ya giaboksi nzima, au iache.

Toyota nao wana doa lao. Injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4, iliyomo kwenye RAV4 na Vanguard nyingi za ACA, inakula oili kwa sababu matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni huziba kwa masizi na ringi kukwama. Toyota Marekani waliendesha mpango wa kubadilisha pistoni na ringi zake. Injini hiyohiyo ina nyuzi za bolti za hedi zinazong'oka upande wa nyuma, karibu na ukuta wa kabini. Mulika tochi nyuma ya injini: maji ya rejeta ya Toyota ni ya waridi, na mabaki yake makavu kwenye maungio ya hedi na bloku ni sababu tosha ya kuondoka. Harrier ya ZSU60 haina tatizo hilo. Yake ni kifaa cha Valvematic, kinachodhibiti ufunguaji wa vali, ambacho kikifa taa ya injini inawaka na gari linakosa nguvu.

Mazda ya petroli ndiyo tunayoiweka juu kwa mtu anayesafiri milimani. Giaboksi yake ni otomatiki ya kawaida ya gia sita, haina mkanda, na inavumilia joto vizuri zaidi. Dizeli yake inataka mwenyewe mwenye nidhamu. Chujio la masizi kwenye ekzosi hujisafisha kwa kuchoma dizeli ya ziada, na hilo linahitaji safari ndefu ya mwendo wa kasi. Gari la kwenda sokoni na shuleni linakatiza usafishaji kila siku, dizeli inateremka kwenye oili, oili inaongezeka badala ya kupungua, na masizi yanajaa kwenye njia ya hewa. Ukiishi Nairobi au Dar na safari zako ni za kilomita nane, usiinunue, hata ikiwa bei inavutia.

Subaru Forester ya SJ5 ina injini ya FB20 yenye cheni ya taimingi. Malalamiko ya kula oili yalifika mahakamani Marekani na kumalizwa kwa makubaliano mwaka 2016, yakihusisha Forester za 2011 hadi 2014. Si kila moja inakula, na inayokula haifi ikiwa mwenyewe anapima oili kila anapojaza tanki mara mbili. Inayokufa ni ile ya mtu anayesubiri taa iwake. Forester za SH5 hadi 2010 zina injini ya EJ20 yenye mkanda wa taimingi, unaobadilishwa kufikia kilomita 100,000. Ukikatika, vali zinagonga pistoni.

Honda CR-V haina makuu. RM4 ikiwashwa ikiwa baridi inaweza kukwaruza kwa sekunde moja au mbili. Hicho ni kifaa cha kurekebisha kamshafti, kinabadilishwa na maisha yanaendelea. Vezel hybridi ni jambo jingine: giaboksi yake ina klachi mbili kavu, na Honda waliyaita magari hayo kurudi kurekebishwa mara kadhaa mwaka 2014 pekee. Foleni ya kusogea hatua kwa hatua ndiyo inayochosha klachi hizo. Ukiitaka Vezel, tafuta RU1, na ukumbuke kwamba tumbo lake halifiki milimita 190 kutoka ardhini, wakati CX-5 ina 210 na Forester 220.

Orodha za ubora za Marekani, kama za kampuni ya utafiti ya J.D. Power, zisome kwa tahadhari. Utafiti wao wa uimara huuliza wenye magari ya miaka mitatu, na redio inayosumbua kuunganisha simu huhesabika pamoja na kasoro za injini. Wewe unanunua gari la miaka saba.

Karatasi, kabla hujagusa gari

Omba karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi ya gari lilipouzwa mnadani Japani. Daraja 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 linavumilika, R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyopigwa rangi upya, XX ni kipande kilichobadilishwa. Linganisha kilomita za kwenye karatasi na za dashibodi. Za dashibodi zikiwa pungufu, mazungumzo yameisha.

Kisha ingiza namba ya chasisi kwenye ukurasa wa Kijapani wa kiwanda husika unaoonyesha magari yaliyoitwa kurudi. Usiruke hatua hii hata kidogo, hasa kwa CR-V za hadi 2011 na Forester za 2009 hadi 2013, kwa ajili ya mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata. Kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na ajali ikitokea kopo la chuma hupasuka na kurusha vipande usoni kwa dereva au abiria wa mbele. Hali ya hewa ya Tanga, Mombasa na Zanzibar ndiyo hasa inayoiharibu, na magari mengi yalipakiwa melini kabla ya kurekebishwa.

Kukagua

Fika asubuhi na umwambie muuzaji asiliwashe. Weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ina joto, rudi siku nyingine, maana kelele za cheni na moshi wa kwanza vimeshafichwa.

Chomoa kijiti cha oili kabla ya kuwasha. Chini ya alama ya chini kwenye 2AZ-FE au FB20 ni dalili mbaya. Kwenye Mazda ya dizeli ogopa kinyume chake: oili iliyofika alama ya X, juu ya alama ya kujaa, ina dizeli ndani. Fungua rejeta ikiwa bado baridi, utafute utando wa oili.

Washa. Mtu mmoja asimame nyuma. Moshi wa buluu baada ya kuacha gari lingurume dakika tano kisha kukanyaga ni oili inayoungua.

CVT haipimwi kwa kuzunguka yadi. Endesha nusu saa, upate kilima, ukanyage kidogo tu ukiwa kati ya kilomita 20 na 60 kwa saa. Mtikisiko kama wa kupita kwenye bati la mawimbi, au nguvu kukatika ghafla mlimani, ni mkanda au vali. Chomeka mashine ya kusoma kompyuta: kwenye X-Trail, kodi P17F0 na P17F1 zinahusu mtikisiko huo. Kutokuwepo kwake hakuthibitishi uzima, kwa hiyo hisia ya barabarani ndiyo inayotawala.

Rudi yadini, kata usukani hadi mwisho, zunguka taratibu pande zote mbili. Mlio wa "tak-tak" ni jointi ya ekseli. Mngurumo mzito wa nyuma kwenye CR-V ya 4WD ni oili ya difu iliyochoka, na hapo una hoja ya kupunguziwa bei, maana dawa yake ni kumwaga na kuweka oili ya Honda iitwayo Dual Pump Fluid II. Kwenye Forester pima tairi zote nne. Zikitofautiana mzunguko kwa zaidi ya milimita 6, klachi ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, imekuwa ikifanya kazi bila kupumzika.

Kabla ya kulipa, piga simu maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga (Nairobi) au Gerezani (Dar), uulize bei ya vitu vitatu kwa namba yako ya chasisi: giaboksi, shokamzoba za mbele, na taa kubwa moja. Taa za LED za Harrier na CX-5 zimewashangaza wengi.

Wiki ya kwanza

Usiamini stika ya sevisi iliyoandikwa Kijapani. Mwaga oili ya injini na ubadilishe filta. FB20 inachukua takriban lita 4.8, Mazda ya petroli 2.0 lita 4.2, dizeli yake lita 5.1, na kwa dizeli dai oili ya majivu kidogo, daraja la C3 au DL-1, kwa sababu oili ya kawaida huziba chujio la masizi. Kwenye CVT weka ile iliyotajwa na kiwanda tu: NS-2 kwa T31, NS-3 kwa T32, Toyota CVTF FE kwa Harrier ya ZSU60. Kumwaga mara moja hutoa karibu nusu ya iliyomo, kwa hiyo rudia baada ya kilomita 1,000. Fundi akikwambia oili ya kawaida ya otomatiki inatosha, ondoka na funguo zako.